Kutoka Chiromo mpaka Gikomba kwa miguu

Najua nimepotea karibu mwezi mzima. Kwanza ilikuwa mitihani ya kati ya muhula, halafu zikafuata zile kazi za kuandika ambazo walimu hutoa zote wiki moja kana kwamba wameambiana. Sasa nimerudi, na leo sitawaandikia habari za maharagwe ya mesi wala foleni ya bafu. Leo tutembee. Jumamosi iliyopita niliufuata Mto Nairobi kwa miguu kutoka Chiromo mpaka Gikomba, nikiwa na daftari, chupa ya maji na viatu ambavyo sasa hivi haviwezi tena kuingia darasani. Mtauliza, mtu wa historia anatafuta nini mtoni? Ngojeni niwaeleze.

Shangazi yangu ana kibanda cha mitumba Gikomba, upande unaopakana na mto. Anauza nguo za watoto. Ameuza pale tangu mimi sijazaliwa. Karo yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye kile kibanda, na hata sasa nikikwama chuoni namba ya kwanza ninayopiga ni yake. Mimi nilipewa jina la babu, yaani baba yake mzazi, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto mchanga ananiita "baba". Jumatano usiku akanipigia simu. "Baba, wamekuja na rangi," akasema. Mkazi wa Nairobi haelezwi zaidi ya hapo. Rangi ni ile nyekundu, alama ni X, na maana yake ni kwamba hapo ulipo hapatakiwi kuwa na kitu. Tukanyamaza kidogo wote wawili. Halafu akaniuliza, "Wewe si unasoma hizi mambo za kale? Hebu niambie, kati ya huu mto na sisi, ni nani aliyempata mwenzake hapa?"

Nilitaka kumjibu haraka kwamba mto ndio ulitangulia, swali gani hilo. Lakini nilipolala nikaona hakuwa ananiuliza kuhusu maji. Alikuwa anauliza sisi tulifikaje pale. Na mimi, mwaka wa tatu wa historia, niliyeandika kurasa kumi na tano juu ya vita vya Napoleon, sikuwa na jibu la kumpa shangazi yangu kuhusu mahali anapokula kila siku. Nikaona aibu. Ndiyo sababu Jumamosi nikafunga kamba za viatu.

Tuanzie juu. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, magharibi ya jiji. Unashuka Dagoretti, unapita Kawangware, unaingia kwenye mitaa ya wenye nafasi, halafu unatokea Chiromo kwenye majengo ya chuo. Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe hapa waliyaita maji haya Enkare Nairobi, maji ya baridi. Jina la jiji zima limetoka hapo. Sisi tunaoishi hapa tunalitamka mara mia kwa siku wala hatukumbuki kwamba tunataja maji.

Reli ndiyo iliyouleta mji. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikielekea Ziwa Viktoria, na mwisho wa Mei 1899 ikafika hapa, maili 327 kutoka pwani. Wajenzi wengi walikuwa vibarua walioletwa kutoka India, zaidi ya 30,000, na kama 2,500 kati yao walifia kazini. Kwa nini walisimama hapa? Mbele kulikuwa na mpando mkali wa kuelekea Bonde la Ufa. Hapa palikuwa na uwanda tambarare wa kutosha kuweka karakana, na maji ya kuwanywesha watu, wanyama na injini. Kwa mhandisi hapo ni pazuri kabisa pa kupumzika. Kwa daktari ni balaa, manake uwanda wenyewe ulikuwa kinamasi, na udongo wake mweusi unashika maji kama sponji. Mvua ikinyesha hayaendi popote. Wakubwa wa reli wakahamisha makao yao makuu kutoka Mombasa mwaka huohuo, na mwaka 1905 serikali ya kikoloni nayo ikahamia hapa. Kambi ya muda ikageuka mji mkuu.

Haya, tuko Chiromo. Asubuhi kuna ukungu, ndege wanaimba, miti imesimama kote kote, na mto ni mwembamba unaopita chini ya kivuli. Ukitazama kwa mbali utasema ni pazuri mno. Ukikaribia, pua inakwambia ukweli. Hata hapa juu maji ni ya kijivu, na kwenye mizizi kumenasa karatasi za plastiki. Jirani hapo kuna bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni ambayo ingekua haraka, kwa sababu injini za reli zilikuwa zinakula kuni na misitu ilikuwa inaisha. Na hapa Chiromo palikuwa na nyumba ya Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejipatia sifa kwa kusafiri kutoka Rasi ya Afrika Kusini hadi Cairo, mara nyingi kwa miguu, kati ya 1898 na 1900. Huyo Grogan ndiye aliyewachapa viboko hadharani Waafrika watatu, mbele ya mahakama ya Nairobi, mwaka 1907. Alimiliki pia ardhi kubwa ya kinamasi huko chini kando ya mto. Mkumbuke jina hilo, tutakutana nalo tena.

Nilipofika Museum Hill nikapanda kidogo kutazama. Makumbusho yalifunguliwa kwenye kilima hiki mwaka 1930, wakati huo yakiitwa Coryndon, jina la gavana. Kutoka hapa unauelewa mji mzima bila ramani. Magharibi na kaskazini ardhi imeinuka, udongo ni mwekundu, miti inakua, hewa inapita. Mashariki ardhi inalala, udongo ni mweusi, maji yanasimama. Sasa niambieni, walowezi walijenga wapi? Na Mwafrika aliambiwa akae wapi? Mwaka 1913 aliletwa mtaalamu wa afya, W. J. Simpson, kuuchunguza mji, na ushauri wake ulikuwa kwamba watu watenganishwe kwa rangi, kila kabila la watu na mtaa wake. Hoja ilikuwa magonjwa. Lakini kabla hajafika, mambo yalikuwa yameshaanza. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, na dawa iliyotumika ikawa moto. Soko likachomwa. Maji machafu yalibaki palepale kwenye kinamasi, waliofukuzwa ni watu.

Nimeuandika mwaka huo 1902 kwa herufi kubwa kwenye daftari langu, na safari nzima uliendelea kunifuata.

Kutoka Museum Hill nikashuka kwenye bustani ya Michuki. Hapa lazima niwe mkweli, pametengenezwa. John Michuki, yule waziri ambaye jina lake lilitumiwa kuita sheria za matatu, alipokuwa waziri wa mazingira kuanzia 2008 hadi alipofariki Februari 2012, aliusafisha mto sehemu hii mpaka watu wakaanza kuamini. Taka ziliondolewa, miti ikapandwa. Baadaye pakachakaa tena, na mwaka 2020 pakafufuliwa na kupewa jina lake. Jumamosi kulikuwa na wachumba kwenye nyasi, kuna waliokuwa wanapiga picha za harusi, na mtoto mmoja anamtupia bata mkate. Nilikaa dakika kumi. Nilifikiri, kumbe inawezekana! Halafu nikatazama maji yenyewe. Bado yalikuwa meusi. Huwezi kuosha kipande cha mto katikati wakati juu yake mabomba ya maji taka yanavuja na watu wanaendelea kumwaga. Ni kama kuosha shingo huku mtu anakumwagia masizi kichwani.

Hatua chache kutoka hapo ni raundabauti ya Globe, iliyopewa jina la sinema iliyokuwa pale. Siku hizi kuna barabara za juu zilizokuja na ujenzi wa barabara kuu ya Thika, na chini ya zege ndimo mto unamopita, gizani. Ukivuka hapo unaingia Kirinyaga Road. Hii zamani iliitwa Grogan Road, na mafundi wa magari mpaka leo wakikwambia wako "Groge" au "Grogan" hawana habari na mtu yeyote, ni jina tu la mahali pa kupata gia la mtumba. Hiki ndicho kile kinamasi. Nilimuuliza fundi mmoja, mzee kidogo, kama anajua Grogan alikuwa nani. Akafuta mikono kwa kitambaa, akafikiri, akasema, "Huyo si ndiye alikuwa na gereji ya kwanza hapa?" Nilicheka, lakini baadaye nikaona si kichekesho sana. Aliyewachapa watu viboko amesahaulika, jina lake limebaki kazini mikononi mwa wajukuu wa waliochapwa. Oili iliyotumika inatiririka kwenye udongo, inateremka mtoni, na rangi za upinde wa mvua zinaelea juu ya maji.

Hapa sikuweza tena kufuata ukingo. Nyuma za majengo zimefika hadi majini, na mahali pengine kuna kuta. Hilo nalo nililiona kwa mara ya kwanza ingawa nimepita mjini hapa mara elfu: Nairobi imeupa mto mgongo. Madirisha ya mbele yanatazama barabarani. Mtoni kuna milango ya nyuma, choo na bomba la kutoa uchafu. Ikabidi nizunguke kwa barabara, nikatokea Race Course Road, nikaenda hadi Kariokor.

Kariokor, jamani. Wangapi wetu tumekula nyama choma pale bila kujua tunakula juu ya jina la nani? Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza waliwahitaji watu wa kubeba mizigo ya jeshi porini mpaka Tanganyika. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Watu walichukuliwa vijijini kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Kambi yao Nairobi ilikuwa hapa, na ulimi wetu ukaligeuza jina likawa Kariokor. Kule Dar es Salaam kambi kama hiyo ikawa Kariakoo. Soko mbili mashuhuri, miji miwili, jeraha moja. Waliobaki hai walipewa nini? Nafasi ya kukaa upande huu wa chini, karibu na maji.

Na hapa ndipo jibu la shangazi lilipoanza kunijia. Watu hawakuteleza tu wakaangukia kando ya mto. Kulikuwa na vijiji vya Waafrika Nairobi tangu mwanzo kabisa, na majina yake yanajieleza kwa Kiswahili: Pangani, Maskini, Kaburini, Mji wa Mombasa. Watu wa pwani waliokuja na misafara na reli walijenga hapo, na wa bara wakajiunga nao. Walikuwemo kina mama wengi waliojenga nyumba zao wenyewe kwa pesa zao na kuwa wenye nyumba, wakipangisha vyumba. Halafu mji ukakua, na ardhi ile ikatakiwa. Kuanzia miaka ya 1920 mwanzoni serikali ikapima mtaa mmoja rasmi wa Waafrika, Pumwani, ikaanza kuvunja vijiji vile na kuwasukuma watu humo. Pangani ndicho kilidumu zaidi. Kilivunjwa mwaka 1938 na 1939, na wenyeji wake wakapelekwa kwenye nyumba mpya karibu na mto. Wazee wanasimulia kwamba jina la mtaa huo mpya, Shauri Moyo, lilitokana na hali hiyo: kuhamia au kutohamia, shauri la moyo wako. Sababu iliyotajwa wakati wa kuvunja Pangani? Afya na usafi wa mji. Nikafungua daftari nikaandika 1938 chini ya 1902.

Sikulazimika kwenda mbali kupata mwaka wa tatu. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza liliuzingira mji, operesheni iliyoitwa Anvil. Askari walipita mtaa kwa mtaa huku Eastlands wakiwachuja Wagikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kwenye kambi za kizuizini, Langata, Mackinnon Road na Manyani. Babu, yule ambaye jina lake ninalo mimi, alikuwa kijana anayebeba magunia sokoni. Alirudi baada ya miaka minne. Shangazi anasema hakuwahi kusimulia Manyani hata siku moja, ila alikuwa hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa kwa nje.

Nilipita karibu na Kamukunji nikitabasamu peke yangu. Sisi wanafunzi tukiitana kwenda kulalamika juu ya jambo tunasema "kuna kamukunji jioni", na wengi hatujawahi kukanyaga uwanja wenyewe. Ni huu hapa, karibu na mto, vumbi na mafundi wa mabati wanaogonga sufuria na masanduku mpaka masikio yanalia. Hapa ndipo Kenneth Matiba na Charles Rubia walipoitisha mkutano wa tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi. Wakawekwa kizuizini siku chache kabla, watu wakaja hivyohivyo, polisi wakaja pia. Tunaiita Saba Saba. Watu waliuawa. Desemba 1991 kile kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kikafutwa. Kwa hiyo huu ukingo mnaosikia ukiitwa uchafu ndiko nchi ilikosemea mambo ambayo kwenye hoteli za juu yasingesemeka.

Saa saba hivi mchana nikaingia Gikomba. Shangazi aliniona kwa mbali akaanza kucheka. "Baba, umekuja Gikomba na viatu vya chuo? Hapa ni matope, si lami." Akaniletea chai na chapati mbili kabla sijaketi. Ile X ilikuwa pale, kwenye bati, nyekundu, imetiririka kidogo kwenye miguu yake miwili kama kitu kilichochorwa kwa haraka. Kando yake alikuwa ametundika sweta za watoto kama kawaida. "Wateja hawanunui alama," akasema.

Nilimweleza niliyoyaona. Nikamsomea miaka yangu: 1902, 1938, 1954. Alisikiliza huku akikunja nguo. Halafu akaongeza mwenyewe, "Na 2024." Ni kweli. Aprili na Mei 2024 mvua zilileta mafuriko makubwa. Maji yalichukua watu na nyumba Mathare na kwingineko. Serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke mara moja, halafu mashine zikaja. Familia zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Mtu yeyote aliyepangisha chumba Nairobi anajua 10,000 inakufikisha wapi, ukitoa kodi ya mwezi na ya kuweka.

Msinielewe vibaya. Sisemi watu wakae mtoni. Shangazi mwenyewe alisimama kwenye maji ya mafuriko hayo, yamefika magotini, akiokoa mabelo mawili ya nguo, na hataki kurudia. Wala siwezi kusema kwamba wanaovunjiwa ni maskini peke yao. Agosti 2018 majengo makubwa ya biashara kama South End Mall na Ukay Centre yaliangushwa kwa kosa hilohilo la kujengwa kwenye ardhi ya mto, na nchi nzima ilitazama. Na mto huu unaua. Chini huko unapita jalala la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanaingia. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapahapa Nairobi, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa. Nusu! Kwa hiyo mto lazima usafishwe, na mradi mkubwa uliozinduliwa Machi 2025 wa kuufufua, wenye mabomba ya maji taka, njia za kutembea na nyumba, mimi siupingi. Kule Korogocho vijana wenyewe waligeuza jalala la kando ya mto likawa bustani, wakaiita People's Park, na hawakumfukuza mtu.

Linalonisumbua ni mpangilio. Kinamasi kilikuwepo, reli ikakichagua. Kilima kikachukuliwa na wenye nguvu, uwanda wakapewa wengine, na choo cha kilima kikashukia uwandani. Kila kizazi kimepelekwa kwenye ukingo kwa amri ya mtu: kambi ya wabeba mizigo, Pumwani, Shauri Moyo. Halafu kila mto ukiugua, wa kwanza kupewa dawa ni yule aliye chini, na dawa yenyewe ni kuondoka. Bomba linalovuja huko juu linaundiwa kamati. Kibanda cha chini kinapewa rangi.

Nikamwuliza shangazi, "Sasa utawaambia nini wakija?" Akainama chini ya meza akatoa mkebe wa biskuti, ule wa bati wa mviringo ambao kila nyumba Kenya wanaweka sindano na nyuzi. Akaufungua. Ndani zilikuwa risiti. Ushuru wa soko wa kila siku, mwaka baada ya mwaka, zimefungwa kwa raba, nyingine zimefifia hata namba hazisomeki, nyingine zina kingo zilizoungua kwa sababu Gikomba imewaka moto mara nyingi na yeye ameunguliwa mara mbili. Ule moto wa Juni 2018 ulioua watu 15 haukumfikia, lakini mwenzake wa mstari wa pili hakutoka. "Kila siku walichukua pesa yangu wakanipa karatasi," akasema. "Hawakuniambia niko mtoni. Waliniambia niko sokoni."

Wenzangu, nimekaa kwenye chumba cha nyaraka nikivaa glavu kugeuza kurasa za maofisa wa kikoloni. Sijawahi kushika nyaraka zilizonitetemesha mikono kama zile. Tulikaa mpaka jioni tukizipanga kwa miaka juu ya meza ya sweta. Zinazosomeka nikazipiga picha kwa simu, moja moja. Zimefika 2,114, na bado kuna furushi ambalo hatujalifungua. Jumatatu niliziandika kwenye orodha, tarehe na kiasi, na rafiki yangu anayesoma sheria ameahidi kuambatana na shangazi na majirani zake wanne kwenye kikao walichoitwa wiki ijayo. Kama watasikilizwa sijui. Wengi wa Pangani hawakuwa na mkebe.

Nilipoondoka nilipita tena ukingoni. Maji yalikuwa yanakwenda taratibu, meusi, yana povu. Kutoka hapa yanashuka Dandora, yanaelekea Ruai, yanaingia Mto Athi, yanaruka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika. Yakivuka Tsavo yanaitwa Galana, yakikaribia pwani yanaitwa Sabaki, na mwisho yanamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo wewe msomaji wangu wa Malindi au Mambrui, usidhani hii ni habari ya Nairobi peke yake. Tunachokitupa sisi kinakuja kwako, hata kama kimebadilisha jina mara tatu njiani.

Basi, hilo ndilo jibu nililompa shangazi: mto ulikuwa hapa kwanza, lakini sisi hatukujileta. Akasema, "Andika hivyo." Nimeandika.

Nawaombeni kitu kimoja kabla sijaenda kulala, kesho nina darasa la saa mbili. Kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu aliyewahi kuishi Pangani ya zamani, Pumwani au Kariokor, mketi naye mwisho wa wiki hii mumwulize alifikaje pale na nani alimwambia aende. Na kama ana karatasi yoyote, hata kipande, msiache iliwe na mchwa. Nikirudi nitawaambia kikao kiliendaje. Mbaki salama.